Deraya ya Kitani

Mshale ulimpata Anestis Tsaousidis chini kidogo ya titi la kushoto, mbele ya watu waliokuwa wakipiga makofi. Makofi yaliendelea hata alipopiga magoti, kwa kuwa wageni walidhani ni sehemu ya onyesho. Aliyejua kwanza kwamba mambo yameharibika alikuwa Zisis Bourdanos, na upinde ulikuwa bado mkononi mwake.

Ilikuwa Jumapili ya Mei, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, katika uwanja wa nyasi uliozungukwa na mashamba ya mipichi nje ya mji mdogo wa Vergina. Chama chao kilikuwa cha watu wazima wenye kazi zao, ambao siku za mapumziko waliunda upya silaha, mavazi na michoro ya Wamakedonia wa kale. Anestis, mwalimu mstaafu wa michezo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Zisis alikuwa mpelelezi wa polisi Thesaloniki kabla ya kustaafu, na chamani alikuwa mpiga mishale wao bora.

Siku hiyo walikuja wageni kutoka jumba moja la makumbusho, kuchagua vitu vya kuonyeshwa mjini. Deraya ya kitani, matabaka ya kitambaa yaliyogandishwa kwa gundi, ilikuwa imevishwa sanamu la majani kama walivyozoea. Zisis alikuwa ameshailenga mara nyingi tangu majira ya baridi, kwa upinde uleule, na mshale haukuwahi kupenya. Lakini Anestis alipowaona wageni wale, aliivua kutoka kwenye sanamu akaivaa mwenyewe juu ya vazi nene la sufu.

"Leo imenilainikia kama shati," alisema akijipigapiga kifuani. "Hatimaye imenizoea!"

"Bwana Anestis, irudishe kwenye sanamu," alisema Lazaros Gountas, aliyefundisha historia shule moja naye. "Tufanye kama kawaida. Tafadhali."

Zisis alicheka. "Mwalimu anaogopa hata mshale usiomlenga yeye!"

Watu wakacheka naye. Akavuta upinde.

Anestis alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika barabara kuu.

*

Jumatatu asubuhi, katika kituo cha polisi cha Veria, Inspekta Rodanthi Tzika alimwekea Zisis kikombe cha kahawa na kukaa mkabala naye. Miaka ya nyuma inspekta huyo alijifunza kazi kwa Zisis.

"Mzee, nakuheshimu, lakini hapa wewe ni shahidi. Tena shahidi aliyeshika upinde. Usinifanyie upelelezi."

"Nimemuua rafiki yangu, Rodanthi."

"Umepiga mshale kwenye deraya mbovu. Aliyeitengeneza ndiye nitakayemuuliza."

"Haikuwa mbovu. Niruhusu niione. Simama hapo hapo, niangalie mikono yangu."

Rodanthi alisita, kisha akaileta ikiwa ndani ya mfuko mkubwa. Zisis alivaa glavu. Upande wa nje ulikuwa mkavu, unang'aa kwa nta. Alipoingiza mkono ndani, akautoa haraka. Kulikuwa na baridi na unyevu, matabaka yanateleza moja juu ya jingine, na harufu ilikuwa kama ya kwato zilizochemshwa.

"Usiku wa kuamkia jana kulinyesha huku?"

"Wiki nzima jua kali."

"Basi mtu ameilowesha. Kwa ndani." Alisogea dirishani. "Na hizi ni nini?"

Kwenye gundi iliyolainika kulikuwa kumenasa nyuzi fupi fupi za rangi ya njano, laini, zilizojikunja.

Rodanthi alizitazama kwa muda. "Maliza kahawa," alisema. "Halafu utakuja nami, maana watu wa chama unawajua wewe. Lakini ukinikatiza ninapohoji, nakurudisha nyumbani."

*

Evanthia Karamichou, aliyeishona deraya ile, alikuwa na duka la mapazia karibu na soko. Waliingia akiwa amekaa sakafuni, hajafungua hata dirisha.

"Najua mmekuja kunichukua," alisema. "Mji mzima unasema gundi ya Evanthia ndiyo iliyomuua."

"Gundi yako ni ya nini, dada?" Rodanthi aliuliza.

"Ya ngozi ya ng'ombe. Ikikauka inakuwa kama ubao. Adui yake ni maji tu, ndiyo maana nje nikapaka nta."

"Na ndani?"

"Ndani niliacha, ili jasho lipate pa kutokea."

"Nani alijua kwamba ndani hakuna nta?"

"Wote! Niliwaeleza kikaoni. Lazaros akanicheka, akasema askari wangu akivuka mto habari yake imekwisha. Polychronis, fundi wetu wa ngao, naye akasema nimtengenezee mwavuli." Alijifuta macho kwa mkono wa gauni. "Niambie ukweli, Zisis. Ni kazi yangu?"

"Sijui bado," alisema Zisis, na aliona haya kwa jinsi alivyotamani jibu liwe ndiyo, ili mzigo upungue kwake.

Ufunguo wa ghala la chama, ilimohifadhiwa deraya, Evanthia aliwaambia, ulining'inia ukutani kwenye mkahawa wa jirani. Mwanachama yeyote aliuchukua apendapo.

*

Polychronis Dalkas walimkuta gereji kwake, kichwa kikiwa ndani ya boneti ya gari. Yeye ndiye aliyefua ngao za shaba za chama, na kila mtu alijua kwamba yeye na Anestis walikuwa hawasalimiani tangu Pasaka.

"Mmechelewa," alisema bila kuinuka. "Nilidhani mngeanza na mimi."

"Uligombana naye," Rodanthi alisema.

"Nani hakugombana naye? Kwenye maonyesho alitaka kuwa Filipo, mfalme wa Wamakedonia, kila mwaka. Mtu ana kitambi kile, mimi nabeba mkuki nyuma yake kama mtumishi!"

"Ulisema mbele ya watu kwamba utamng'oa."

"Kwenye uenyekiti, Afande! Si kwenye dunia." Hapo akainuka, na wakaona kwamba macho yake ni mekundu. "Jumamosi nzima nilikuwa Kozani, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Nikalala huko huko. Jumapili nilirudi alfajiri, nikaja uwanjani na basi la chama nikiwa nimekaa katikati ya watu. Ulizeni padri, ulizeni dereva."

Rodanthi alipiga simu hapo hapo. Padri alikumbuka mpaka wimbo alioimba Polychronis baada ya kulewa.

Walipotoka, Zisis alisimama ghafla kando ya gari.

"Kuna jambo, Rodanthi. Deraya ile tuliiamini wote. Hata mke wa Anestis hakushtuka mumewe alipoivaa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeogopa."

"Nani?"

"Lazaros. Alimsihi airudishe kwenye sanamu. Hata akasema tafadhali, na Lazaros hana desturi ya kumsihi mtu. Mimi nikamcheka."

"Labda ni uangalifu tu wa mzee."

"Majira yote ya baridi alinisimamia nikipiga mishale, na mara mbili nilimlenga Anestis akiwa ameivaa. Hakuwahi kusema neno."

*

Lazaros aliishi ghorofa ya pili, karibu na bwawa la kuogelea la manispaa, ambako aliogelea kila asubuhi. Kwenye kamba ya baraza palikuwa na taulo tatu. Mbili zilikuwa za njano, laini, zenye manyoya mafupi yaliyojikunja.

Aliwakaribisha, akawawekea keki ya revani mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Mwalimu," Rodanthi alianza, "Jumamosi uliingia ghalani?"

"Sote huingia."

"Tumempitia mwenye mkahawa; anasema jioni ulichukua ufunguo, ukiwa na mfuko unaodondosha maji. Ukamwambia umetoka kuogelea."

"Nilikuwa nimetoka kuogelea."

"Ndani ya deraya kuna nyuzi za njano. Nitazichukua taulo zako, maabara itazilinganisha. Ulizilowesha, ukazisokomeza ndani zilale humo usiku kucha. Asubuhi ukazitoa, nje kukabaki kukavu."

Lazaros alimtazama Zisis, siyo inspekta. "Sikutaka kumuua. Wewe unanijua."

"Nilidhani nakujua. Ulitaka nini?"

"Nilitaka mshale upite! Kwenye majani, kwenye sanamu!" Sauti ilimpanda. "Miaka mingapi nimewaambia kwamba Wamakedonia hawakugandisha kitani, walikishona? Nimeandika, nimeeleza, mkanicheka. Halafu wanakuja watu wa makumbusho, na kitu cha uongo kinapelekwa mjini, watoto wakisome kuwa ndiyo historia. Nikasema acha kitoboke mbele yao mara moja tu, waniulize mimi."

"Na alipoivaa?"

"Nilimwambia avue."

"Ulimwambia tafadhali. Yalihitajika maneno mawili tu, Lazaros. *Imelowa maji.* Nilikuwa bado sijavuta upinde. Ulikuwa na nafasi."

Lazaros alifunika uso. "Ningesema, wangejua kwamba ni mimi. Wageni, wanachama, wote. Nikajiambia pengine itazuia. Nikajiambia matabaka ni mengi." Aliondoa mikono usoni. "Na wewe je? Ulinisikia. Ulinijua miaka yote hiyo kuwa mimi si mtu wa kuomba, nikaomba, ukafanya mzaha ili wageni wacheke. Kwa nini hukuniuliza, Lazaros una nini? Kazi yako ilikuwa kuuliza!"

Rodanthi aliinuka, akamwambia Lazaros achukue koti lake.

*

Maabara ilithibitisha kwamba nyuzi zilitoka kwenye taulo zile. Lazaros alikiri mbele ya mwendesha mashtaka, hakutafuta njia ya kujitetea. Zisis alipokwenda kutia sahihi maelezo yake, aliomba liongezwe kwamba alionywa akacheka.

"Mzee," Rodanthi alisema kwa upole, "hilo si kosa kisheria."

"Liandike hivyo hivyo."

Kutoka hapo alikwenda kwa Magdalini, mjane wa Anestis, akiwa hana hakika kama angefunguliwa. Alifunguliwa. Akasimama kizingitini, akamweleza yote bila kujipunguzia: taulo, hofu ya Lazaros, mzaha wake mwenyewe, mkono wake uliovuta.

Magdalini alisikiliza akiwa ameshika kitasa.

"Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja usikie kutoka kwangu kabla ya mahakamani."

"Basi nimesikia. Leo siwezi, Zisis. Na sijui ni lini nitaweza. Usije ukanilazimisha."

Mlango ukafungwa. Zisis alishuka ngazi mpaka barabarani, ambako malori ya kwanza ya pichi yalikuwa yakipita kuelekea viwandani. Alisimama hapo, hajui aende upande gani, mpaka dereva mmoja akampigia honi asogee.