Mgeni wa Noela

Tangazo la nahodha lilikuwa la kawaida mpaka lilipofika mwisho. Alisema maboya yako chini ya viti, choo kiko chini mkono wa kulia, na mtoto asikimbiekimbie huko mbele. Kisha akavua miwani yake ya jua.

"Na jingine. Tukishatia nanga, mkiwa mnakula, msimkaribishe mtu ambaye hatukupanda naye. Hata kama anapita mbali. Kuleni tu."

Audax alicheka. "Braza, huko baharini atapita nani?"

"Ndio utaratibu wa boti yetu," Faraji akajibu, akairudisha miwani machoni.

Benedicta, mke wa Audax, aliyasikia maneno yale vizuri sana. Tatizo ni kwamba aliyachukulia kuwa ni uchoyo. Aliwajua wenye pesa wa mji huu wa Dar, wanaofunga mageti wakila, na sasa akaona wamehamishia tabia hiyo hadi majini. Yeye alizaliwa Muleba, katika nyumba ambayo mgeni alikuwa haulizwi kama amekula. Miaka kumi na moja ya kuishi Mtoni, akifundisha darasa la pili na kupika uani mbele ya wapangaji wenzake sita, haikumbadilisha hata kidogo. Kwake, mtu anayekula kimya mbele ya mpita njia hakulelewa, ameota tu. Na kama kulikuwa na kitu ambacho Benedicta alijivunia hapa duniani, basi ni malezi ya Noela.

Noela alikuwa na miaka sita, mtoto pekee, aliyepatikana baada ya miaka minane ya hospitali na sala za novena. Alimwamkia kila mtu: muuza maji, konda, mara moja hata paka wa mama mwenye nyumba. Majirani walisema yule mtoto ana adabu mpaka inachekesha, na mama yake alikuwa anajifanya hasikii huku moyo unamchezea ngoma.

Safari yenyewe iliwaangukia tu. Audax alikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Wageni wa bosi wake walighairi, boti na chakula vilishalipiwa kutwa nzima, bosi akaona heri ale karani kuliko kioze. Ndivyo Jumamosi ile watu waliozoea kutoka familia nzima kwenda kula mihogo ya kukaanga ufukweni walivyojikuta wamekaa kwenye makochi meupe ya ngozi, Audax amekunja nne kama waziri, na Sekela, binti wa Tukuyu aliyekuwa mpishi na mhudumu wa boti, anawamiminia juisi ya ukwaju kwenye glasi zenye miguu mirefu.

Wakapita kisiwa cha Mbudya, palipojaa watu na muziki, wakasonga mbele hadi kwenye kisiwa kidogo kisicho na hata kibanda. Maji yalikuwa yanakupwa. Faraji akatia nanga karibu kabisa na ufukwe. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na ndege pia, ingawa hilo Benedicta alikuja kulikumbuka baadaye.

Sekela akapanga sahani tatu. Kulikuwa na kamba wa kuchoma, pweza, wali wa nazi na kachumbari iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Walikuwa wamefika katikati ya chakula pale mwanamke mmoja alipotokea anatembea ukingoni mwa maji. Alikuwa mrefu, amejitanda kanga nyeupe, na hakuwatazama.

Kinywa cha Benedicta kilikuwa kimejaa. Akamgusa mwanawe kwa kiwiko.

"Noela, huoni mtu anapita? Tunasemaje?"

Noela akafuta midomo haraka. "Shikamoo!" akapaza sauti. "Karibu chakula!"

Sasa, Dar nzima inajua jibu la maneno hayo. Unasema asante, endeleeni, hata kama njaa inakutafuna, maana aliyekukaribisha alipika cha kumtosha yeye na wewe unalijua hilo. Yule mwanamke akasimama. Hakupaza sauti, lakini sauti yake ilisikika karibu, kama ya mtu aliyeketi nao kwenye kochi lile lile.

"Marahaba, mwanangu. Nimekaribia."

Akaingia majini. Yakamfika magotini, kiunoni, shingoni. Hakuogelea, alitembea tu, mpaka kichwa nacho kikazama.

"Anazama yule!" Audax akaruka. Faraji akamdaka ukosi wa shati.

"Tulia, kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Hazami. Anakuja."

Ngazi ya nyuma ikalia. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakuna aliyeonekana, lakini boti ililala kidogo upande wa nyuma, kama inavyolala mtu mnene anapopanda. Ikaja harufu ya udi, nzuri kabisa, na chini yake harufu ya magamba ya samaki yaliyolala juani.

"Dada," Sekela akamnong'oneza Benedicta. "Mie nimepanga sahani tatu. Ile ya nne katoa nani?"

Sahani ilikuwa mbele ya kochi lililokuwa tupu, ina majimaji, na wali uliokuwa katikati ya meza ulikuwa umechotwa kwa vidole vinne. Kisha wakaanza kusikia kutafuna. Kulikuwa ni kutafuna kwa mtu asiye na haraka, anayevunja maganda ya kamba kwa meno, anayemeza, anayeshusha pumzi ya kushiba na kuanza tena.

Faraji hakungoja. Aling'oa nanga, akawasha injini zote mbili, akaongeza mwendo. Povu likaruka nyuma, upepo ukawapiga usoni, boti ikakimbia dakika kumi, ishirini, nusu saa. Kwenye kioo cha ramani pale usukani alama ya boti ilikuwa imeshaipita Mbudya na inaikaribia Kunduchi. Lakini walipoinua macho kutoka kwenye kioo, kisiwa kilikuwa palepale, mchanga uleule, alama za miguu zilezile zikiishia majini. Faraji akazima injini. Akaondoa mikono kwenye usukani, na hilo lilimtisha Benedicta kuliko kile kisiwa.

"Piga simu," Benedicta akamwambia mumewe.

Audax alipiga. Alama za mtandao zilikuwa zimejaa. Simu ikapokelewa, na ndani yake kukasikika mtu anatafuna. Akaitupa kochini, akatoa rozari mfukoni, akasimama katikati ya boti. "Toka!" akasema, na sauti yake ikapanda. "Kwa jina la Yesu, toka humu, hatukutaki!"

Kutafuna kukakoma. Hata maji yalinyamaza ubavuni, kisha boti ikazama shubiri nzima, yote kwa pamoja, mbele na nyuma, bila kuyumba, maji yakaanza kupanda kwenye ukingo na kulowesha mazulia, na mlango wa chumba cha chini ukajifunga, na udi ukawa mzito kiasi kwamba Benedicta alihisi unamkaba, akamkumbatia Noela kifuani, akatazama kulia na kushoto kutafuta pa kukimbilia, akaona bahari, na bahari, na kile kisiwa.

"Kaka, nakuomba, usimfukuze," Faraji akanong'ona. "Mmemkaribisha wenyewe. Wewe ungeitwa mezani halafu ukatimuliwa ungejisikiaje?"

"Ulijua?" Benedicta akamgeukia. "Ulijua, ukatuambia eti utaratibu?"

"Bibi yangu kule Kilwa alinifundisha mambo ya kisiwa hiki. Mwenye boti akanikataza, akasema nitawatisha wateja. Nisamehe, mama."

Noela alikuwa ameanza kusinzia. Alijichomoa polepole mikononi mwa mama yake, akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja kochini, na kichwa chake akakilaza upande ule. Hakikugusa kochi. Kilibaki kimeegama hewani, kwenye kitu.

"Mama, usimkalie kanga yake," akasema kivivu. "Anasema nikilala atanibeba."

Hofu nyingine zote zikamtoka Benedicta, ikabaki moja tu. Akamvuta Noela, akampiga makofi madogo mashavuni. "Usilale! Noela, usilale, mwanangu!" Akamgeukia Faraji. "Atatokaje huyu? Sema."

"Kama mgeni yeyote. Anasindikizwa na mwenyeji wake."

"Mwenyeji nani?"

Wote wakamtazama Noela.

"Basi nakwenda naye mimi," Benedicta akasema.

"Nenda naye, lakini mtoto ndiye amshike mkono. Na iwe sasa hivi. Maji yakirudi kujaa njia ya miguu haipo, tutalala naye humu." Akamvuta kando. "Sikiliza vizuri. Msindikizaji hafiki kwa mgeni, anaishia njiani. Pale mwani ulipojipanga mstari, hapo hapo ndio mwisho. Usikanyage mchanga mkavu. Sema sie tunaishia hapa, basi. Baada ya hapo, akikwambia lolote, usijibu. Lolote, mama."

Noela hakuambiwa kitu. Walimwona mdogo, hawakutaka kumtisha.

Wakashuka ngazi. Maji yalikuwa yameshakupwa sana, yalimfika Benedicta mapajani, yakawa yanapungua hatua kwa hatua. Mkono wake wa kulia ulimshika Noela. Mkono wa pili wa Noela ulikuwa umenyooka juu kabisa, kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu kuliko baba yake. Benedicta alijitahidi kutazama mbele, lakini ukitembea na mtu majini utamsikia tu, na alisikia hatua za watu watatu, zake, za mwanawe, na zile nyingine zilizokuwa zinapiga maji polepole, kwa uzito, hatua moja kila wao walipopiga tatu.

"Una mkono wa baridi," Noela akasema kwa upole, hakuwa anamwambia mama yake.

Mwani ulikuwa umejipanga kama alama ya chaki. Benedicta akasimama.

"Sie tunaishia hapa," akasema.

Mkono wa Noela uliokuwa juu ukaachiwa, ukaanguka. Mchanga mkavu mbele yao ukabonyea, unyayo, na unyayo, ukienda zake. Benedicta alikuwa ameshaanza kugeuka, machozi yanamtoka kwa shukrani, pale nyayo ziliposimama.

"Nimekula, nimeshiba," sauti ile ikasema. "Karibuni na kwetu."

Benedicta akajiziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kuziba, na aliuweka kwenye mdomo wake.

"Asante," Noela akasema. "Tutakuja."

Watu husema hivyo kila siku. Husemwa mlangoni, kiatu kimoja kimeshavaliwa, na hakuna anayeuliza zaidi, maana kila mtu anajua ni maneno ya kuagana.

"Lini?"

"Jumamosi," Noela akajibu. "Siku nyingine nina shule."

Nyayo zikaendelea, zikaingia vichakani. Boti ilifika bara kwa dakika arobaini.

Wiki ile walifanya kila walichoweza. Padri alikuja Mtoni akanyunyiza maji ya baraka vyumba vyote viwili. Jumatano Audax, ambaye hakuwahi kukanyaga kwa mganga, alimpeleka mwanawe kwa mzee mmoja wa Buguruni. Yule mzee alimshika Noela kiganja, akakiachia upesi, akasema yeye huwa anatoa mashetani walioingia wenyewe, hana dawa ya aliyealika na akaalikwa. Benedicta akampigia Faraji. "Mama, kama mtoto kaahidi, atakayefuta ahadi ni aliyeahidiwa," Faraji akasema. "Na msipokwenda, atakuja kuulizia kulikoni."

Kwa hiyo Benedicta alifanya jambo moja lililobaki. Wiki nzima alimfundisha mwanawe utovu wa adabu. Mtu akikusalimia, nyamaza. Akikuita, geuka pembeni. Akibisha hodi, usiseme karibu. Noela alimtazama kwa macho ya mtoto anayedhani anajaribiwa. Alhamisi muuza maji alipita, Benedicta akamwona mwanawe anapambana, midomo imebanwa, mpaka shikamoo ikamtoka yenyewe, naye akalia kwa kuogopa kuchapwa. Benedicta alilia pia. Miaka sita alikuwa ameijenga adabu ile kama ukuta, tofali kwa tofali, na sasa hakuweza kutoa hata moja.

Ijumaa saa kumi jioni, jua likiwa bado kali, Audax alikuwa anaongeza komeo la pili mlangoni. Benedicta aliingia chumbani akamkuta Noela ameshaoga mwenyewe, amevaa gauni lake la siku ile ya boti, ameketi kitandani karibu na dirisha na viatu vyake viko pamoja miguuni. Chumba kilinukia udi.

"Mama, kesho si ndio Jumamosi?"

"Vua hilo gauni, Noela. Hatuendi popote."

"Lakini mtu haendi ugenini mikono mitupu, si ndiyo? Wewe ulisema." Noela alikuwa na wasiwasi wa kweli, wasiwasi wa mtoto mwenye malezi. "Kwa hiyo nimemuuliza tumpelekee nini."

"Umemuuliza nani?" Benedicta akasema, na hakuitambua sauti yake. "Umemuuliza lini?"

"Sasa hivi, hapa dirishani." Noela akatabasamu, kama mtu aliyetua mzigo. "Amesema tusihangaike na zawadi. Amesema mie natosha."