Luteni Aliyesoma Barua Zetu

"Nikuoe, Effie. Mtoto nitamlea kama wangu."

Nilikuwa namenya viazi. Kisu kikasimama.

"Mtoto gani?"

Luteni Lacey alikuwa amekalia kiti cha marehemu baba kama mkwe tayari, kofia yake ya jeshi la maji magotini.

Jamani, mimba ilikuwa ya miezi minne na hapa Aultbea, kijiji chetu cha Uskoti, hakuna aliyeijua, hata mama. Nilimwandikia mtu mmoja tu: Wilf wangu, fundi wa injini kwenye meli ya Luteni, ilipokuwa Iceland ikisubiri msafara. Wiki zikapita, jibu hakuna. Wakaenda Urusi kusindikiza mizigo ya vita, wakarudi bila yeye. Alipanda sitahani na wenzake kuvunja kwa shoka barafu iliyoilemea meli, wimbi likamzoa. Meli haikugeuka, nyambizi za Wajerumani zilikuwa nyuma yao. Lacey ndiye aliyeniletea habari. Nililia mara mbili: amekufa, na amekufa amenikataa.

"Umejuaje, Luteni?"

"Alinidokeza."

"Wilf? Akudokeze wewe, mkubwa wake?"

Hapo nikakumbuka kazi yake. Kila barua ya baharia husomwa kwanza na ofisa, anayekata kwa mkasi chochote kinachoweza kumfaa adui. Za Wilf zilipita mikononi mwake.

"Alinijibu," nikasema.

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

"Niliichoma. Nilikupenda tangu usiku tulipokutana dansini, Effie. Nilidhani ukikosa jibu utamsahau."

"Na yeye?"

"Kila mfuko wa barua ulipofika, alikuja kuuliza kama yake ipo."

Mungu anisamehe, nilitaka kumrukia na kile kisu. Nikakiweka mezani.

"Uliisoma mara ngapi?"

"Nyingi."

"Basi nisomee."

Akainamisha kichwa. Akaanza kuikariri:

"Effie wangu, nimefurahi mpaka wenzangu wanadhani nimelewa. Nikirudi tunafunga ndoa siku hiyohiyo, hata nikiwa na grisi mikononi. Kula vizuri, sasa mko wawili. Niandikie ndiyo tu, inanitosha."

"Rudia."

Akarudia. Mara ya tatu alikuwa analia, na sikumwonea huruma hata chembe. Nilishika tumbo langu, nikasikiliza mpaka neno la mwisho.

"Ndiyo, Wilf," nikasema.

Kisha nikamfungulia Luteni mlango.