Simu ya Baba Daktari

Ndugu zangu wa Keroka na vijiji vyote vya majani chai, nipeni masikio kidogo. Haya yametokea hapa hapa kwetu.

Boma la Sylvanus Onyancha lilikuwa boma la amani. Asubuhi yeye na mkewe Damaris walichuma majani chai wakipiga gumzo, jioni wakala ndizi zao, na Sabato wakaenda kanisani wamependeza. Binti yao Bonareri alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupita vizuri. Vurugu ilianza siku walipokwenda kutembelea chuo.

Kilikuwa chuo kikuu cha binafsi nje kidogo ya mji wa Kisii, ukielekea Suneka, na siku hiyo wazazi walikaribishwa kujionea. Mfanyakazi wa chuo aitwaye Valentine aliwatembeza: mabweni yenye maji ya mfereji, maktaba ya ghorofa mbili, kompyuta za kutosha, uwanja wa voliboli, hata mshauri wa kuzungumza na mwanafunzi aliyelemewa na mawazo. Kisha akataja kozi: ualimu, biashara, teknolojia ya habari, na usimamizi wa huduma za afya.

"Anayesoma hiyo ya mwisho anafanya kazi gani?" Bonareri akauliza.

"Anaendesha hospitali. Anahakikisha dawa zipo, wauguzi wako zamu, wagonjwa hawashindi kwenye foleni. Lakini nisiwadanganye, hapa hatufundishi udaktari wala uuguzi. Anayetaka hayo atafute kwingine."

Bonareri alisikia, macho yakamng'aa. Damaris alisikia. Onyancha alisikia neno hospitali, masikio yakafunga duka, akatoka nje kupiga picha lile jengo kubwa.

Sabato iliyofuata alisimama kanisani kutoa shukrani. "Mungu amelitembelea boma langu. Binti yangu anakwenda kusomea udaktari!"

Kanisa zima likaitikia amina. Bonareri alitamani ardhi ipasuke immeze. Njiani wakirudi akamwambia babake, "Tata, mbona umesema hivyo? Huo si udaktari."

"Hospitali ni hospitali. Watu wa hapa utawaelezaje usimamizi?"

"Si nitawaeleza tu?"

"Wewe soma. Maneno ya watu niachie mimi."

Damaris alikuwa anatembea nyuma yao, na alijua ukweli, na akanyamaza. Namlaumu yeye pia. Nyumba inapodanganya, anayenyamaza hana nafuu.

Basi jina likashika. Akawa Baba Daktari. Kwenye kituo cha kupimia majani chai watu walimpisha mbele, naye akapita kifua mbele, akisema "asanteni, asanteni" kama mheshimiwa. Bonareri alipokuja likizo, wenye magoti ya kuuma na wenye kikohozi walijaa uani. Akawaambia, "Mimi si daktari, nendeni zahanati." Wakacheka. "Oneni alivyo mnyenyekevu!" Babake alikuwa amewakoroga kiasi kwamba hata ukweli wenyewe waliuona ni adabu nzuri.

Sasa sikilizeni. Bonareri alikuwa amerudi chuoni. Alasiri moja jirani yao Nyanchera, ambaye mumewe hufanya kazi Nakuru, aliingia bomani akiwa na mwanawe Andrew mgongoni, na nyuma yake wanawake wawili wa jirani. Mtoto alikuwa akiharisha na kutapika tangu asubuhi.

"Baba Daktari, nakuomba mpigie Bonareri. Nimpeleke Nyamira hospitalini ama ningoje?"

Onyancha akapiga. Simu ikalia, ikalia, ikakatika. Bonareri alikuwa darasani. Hapo angesema tu, "Hashiki, mpeleke mtoto." Maneno machache yasiyomgharimu chochote! Lakini wanawake watatu walikuwa wanamtazama, na aibu ikamshika. Akairudisha simu sikioni.

"Ndiyo, daktari... Anatapika, ndiyo... Haya, nitamwambia." Akaishusha. "Amesema ni tumbo tu. Asile, asinywe, tumbo lipumzike. Kesho utamwona anacheza."

Nyanchera alishukuru mpaka akainama. Akarudi nyumbani, na mtoto alipolilia maji, akamnyima kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu daktari amesema.

Asubuhi ukasikika unyende. Andrew alikuwa amelegea, macho yamezama, midomo imekauka, analia bila machozi. Onyancha mwenyewe ndiye aliyekimbia barabarani kutafuta gari, Probox ya kuwapeleka Nyamira, naye akapanda nao.

Hospitalini mtoto alitundikiwa dripu. Daktari wa zamu, mwanamke aliyeitwa Samsam, akamgeukia Nyanchera kwa ukali. "Mtoto anaharisha hivi, nani amekwambia usimpe maji?"

"Daktari wetu wa kijiji. Bonareri."

"Daktari wa hospitali gani huyo? Nipe nambari yake."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Safari hii simu ilishikwa.

"Mimi si daktari, madam," Bonareri alisema. "Nasomea usimamizi. Na sijaongea na mtu yeyote kuhusu Andrew. Jamani, kwani Andrew ana nini? Yuko hai?"

"Yuko hai," Samsam akamjibu. Onyancha aliegemea ukuta. "Hakushika simu," akasema. "Jana nilikuwa naongea peke yangu."

Nyanchera akamgeukia. Hakupiga kelele. "Baba Bonareri, ulimwacha mwanangu akauke ili tu usikose kuitwa Baba Daktari?"

Andrew alipona, tunashukuru Mungu. Lakini Nyanchera hapiti tena mbele ya boma lile. Huzunguka kwa njia ya chini, mtoto mgongoni.

Sabato iliyofuata Onyancha alisimama akaungama yote. Kisha Ogoti, mzee wa kanisa, akauliza kwa upole, "Sasa ndugu yetu, msichana anasomea nini hasa?"

"Usimamizi," Onyancha akasema. Usimamizi wa nini, na wa kazi gani, hakujua. Muda wote ule hakuwahi kuuliza. Ikabidi Damaris asimame upande wa akina mama aeleze badala yake.

Alasiri hiyo Onyancha alimpigia binti yake. "Hebu niambie, mwanangu. Huko chuoni unasoma nini?"

Bonareri alilia kwanza. "Tata," akasema, "nimengoja sana uniulize."

FUNZO

Mzazi, chuo kinapokuonyesha kilicho nacho, sikiliza, na ukirudi kijijini sema hicho hicho. Mtoto hasomi ili wewe upishwe foleni. Kazi anayoipenda ni heshima tosha, usiibandike jina la kazi nyingine; wako wanaoliamini jina hilo, na watakuja mlangoni kwako wakiwa na mgonjwa mgongoni. Na ukimpigia mtu simu asishike, sema hajashika.