Mbio Siachi, na Nyumbani Sitoki

"Shuka kitandani. Sasa hivi!"

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha tiba, bado kavaa ovaroli lake la ufundi friji, jasho linamtiririka. Mkewe, msusi wa nywele, alikuwa amelala ubavu, goti kalikunja, mkono wa daktari wa mgongo ukiwa juu ya nyonga yake. Nyuma ya mume, mama wa mapokezi alikuwa akihema.

"Nimemzuia, daktari, hasikii!"

"Sishuki," msusi alijibu.

"Unasemaje?"

"Umenisikia vizuri. Daktari, endelea."

Daktari, mzee mwenye kipara na mikono mipana kama makasia, aliondoa mkono taratibu.

"Bwana, karibu ndani, hakuna siri hapa. Mkeo kila akikimbia masafa marefu, nyonga na goti vinawaka moto. Akipumzika anapata nafuu, akirudi barabarani yanamrudia yale yale. Nyonga hii imekakamaa, na misuli inayoishikilia imelegea. Mimi nafungua viungo, yeye anafanya mazoezi nyumbani. Basi."

"Sikuja kusomeshwa. Nimeletewa habari!"

Akamsukumia mkewe simu usoni. Ilikuwa meseji ya wifi yake:

*Kaka, wifi kapandishwa kitandani na mwanamume, mlango umefungwa. Mimi yangu nimemaliza.*

"Mlango unafungwa kwa kila mgonjwa," mama wa mapokezi alidakia. "Au ulitaka tumlaze barabarani watu wamtazame?"

Mume alimpa mgongo. Alimkazia mkewe macho.

"Chagua. Mbio au ndoa."

"Hilo swali silijibu. Nenda kazini, tutaonana nyumbani."

Aliondoka akiubamiza mlango mpaka picha ya uti wa mgongo ikaanguka ukutani.

Jioni, msusi alitandika mkeka katikati ya sebule, mbele ya televisheni kabisa, akaanza mazoezi aliyopewa. Alilala chali, akainua kiuno, akashusha. Mumewe alikuwa kwenye kochi, kanuna. Wifi mtu naye hakuchelewa. Aliingia bila hodi, akashika kiuno.

"Wifi, huoni hata aibu? Mtu mzima, mke wa mtu, kutwa kuruka ruka barabarani! Ndiyo maana hata mimba haikai."

Msusi alisimama. Maneno hayo yalimchoma, maana mimba ile alikuwa ameililia miezi mingi, na alipoipoteza hakuwa akikimbia hata kidogo.

"Mimba yangu usiitie mdomoni mwako. Na uniambie, ulijuaje kama mlango ulifungwa? Ulikuwa unaumwa mgongo?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita ghorofa ya tatu?"

Wifi alimgeukia kaka yake. Kaka akajifanya anatafuta rimoti.

"Kaka, sema basi!"

"Niseme nini? Wewe na umbea wako, umeniharibia nyumba."

Hapo wifi alipandwa na hasira.

"Umbea wangu? Usinigeuze mimi ndiye mbaya! Nani alinipigia simu akaniambia nimfuate? Nani alisema nitie chumvi kidogo, ili apate sababu ya kumkataza mkewe mbio? Jitetee mwenyewe, mimi simo!"

Akachukua pochi yake, huyo.

Msusi aliizima televisheni.

"Ni kweli?"

Mume aliinama.

"Tulikutana tukikimbia," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nakusubiri kwenye kila kona. Halafu ukaanza kunisubiri wewe. Halafu ukaacha kunisubiri."

"Wewe ndiye uliyeacha kuja."

"Najua. Ulipoanza kuumwa goti..." Aliutazama mkeka. "Nilikuwa nafurahi, mke wangu. Nilikuwa nakukanda na barafu, moyoni nafurahi, kwa sababu ulikuwa hapa. Nikasikia huyu daktari anakuponya, nikaogopa."

Msusi aliukunja mkeka wake.

"Mimi nalia kwa maumivu, wewe unashangilia?"

"Nisamehe."

"Leo siwezi. Mbio siachi, na nyumba hii sitoki, tumeijenga wote. Wewe ndiye uende kwa mama yako ukatafakari."

Mume alisubiri abadilishe neno. Hakubadilisha. Akaondoka na begi moja.

Wiki zilipita. Msusi aliendelea kwenda kwa daktari. Alipunguza masafa, akaongeza kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, na siku nyingine nyonga ilimkumbusha kwamba bado ipo. Simu za mumewe hakupokea. Siku moja meseji ikaingia:

*Naomba nirudi.*

Akajibu:

*Jumapili nakimbia mashindano. Usije. Jumatatu tuongee.*

Jumapili alikimbia. Karibu na mwisho goti lilianza kunong'ona. Alipunguza mwendo, wengi wakampita, akamaliza katikati ya kundi akiwa analia na kucheka kwa pamoja.

Jumatatu mume aliingia saluni, mbele ya wateja wote.

"Nimetoka kwa daktari. Nimemwomba radhi, na yule mama wa mapokezi pia. Kanisema huyo, kidogo nitafute pa kujificha!"

Wateja wakacheka. Msusi hakucheka. Aliendelea kusuka.

"Na dada yangu nimemwomba radhi mbele ya mama, nikasema ukweli wote. Kwamba kosa lilikuwa langu."

"Mama alisemaje?"

"Kaninunia mpaka leo."

"Nami nakuuliza. Kesho nikipona kabisa, nikaenda mbali kuliko wewe, utanitafutia mtu mwingine wa kunifuata?"

"Sitafuti mtu. Nikiumia moyoni, nitakwambia nimeumia."

Mikono ya msusi ilisimama kichwani mwa mteja. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia mwanamume huyu akisema anaumia.

"Rudi nyumbani," alisema. "Ila sijamaliza kukasirika. Utanivumilia."

"Nitakuvumilia."

"Na kesho alfajiri nakimbia."

"Naweza kuja?"

"Njoo. Ukichoka, rudi mwenyewe. Mimi sigeuki."

Mume alicheka huku macho yamelowa.

"Usigeuke."