Mchanga Uliotoa Povu

Mchanga ulitoa povu, na Citoyen Bokungu akafurahi.

Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, ukiacha lile la kuzaliwa na njaa ya vyeo. Alikuwa mkuu wa Ofisi ya Mapokezi ya Wageni wa Heshima hapa Kamina, ofisi yenye mihuri mingi na isiyowahi kumwona mgeni hata mmoja. Siku mgeni alipotangazwa hatimaye, mheshimiwa fulani kutoka Lubumbashi, Bokungu aliamua kumwonyesha bahari. Bahari yenyewe iko mbali na Kamina kwa siku nyingi za safari, ikiwa treni imekubali kwenda. Basi angeijenga sebuleni: sanduku la kioo, maji ya chumvi, na samaki wawili wenye mistari, ambao wangeletwa na ndege ya jeshi hadi Base, kambi ya jeshi nje ya mji.

Alikuwa na kijitabu cha Kifaransa. Kilisema uanze na mchanga: uwe mweupe, usiwe vumbi wala kokoto, na uujaribu kwa siki. Ukitoa povu, una chokaa ya makombe ndani yake, utatunza maji. Kisha upande mbegu: chukua konzi ya mchanga hai, uliotoka baharini na unyevu wake, uitawanye juu ya ule mwingine, nao wote utaamka kama unga uliotiwa hamira.

Konzi ya mchanga hai alikuwa nayo ndani ya chupa ya whisky, zawadi ya rafiki aliyefanya kazi Muanda, kule pwani. Kilichokosekana ni mchanga wa kutandika. Karani wake, Citoyen Likoke, maana kwa amri ya serikali kila mtu aliitwa Citoyen, yaani raia, akaleta mabeseni: mwekundu wa barabarani, wa kijivu wa kando ya reli, na mweupe wa kijito kimoja upande wa Kaniama. Chini ya siki, mwekundu ulinyamaza. Wa kijivu ukanyamaza. Mweupe ukachemka, ukalia fssss, kama kitu kinachoungua.

"Unaona?" alisema Bokungu. "Siyansi haidanganye."

"Citoyen Chef," Likoke alisema, "pale ku kijito haiko kombe. Ata konokono moja haiko."

"Weye njo profesere?"

Likoke hakuwa profesere. Akaenda kuleta magunia.

Mke wa Bokungu, Mwadi, alikuwa Mluba wa hapa hapa, binti wa mwalimu wa Kimethodisti. Alibatizwa Agar, kisha serikali ikapiga marufuku majina ya Kikristo, ikamfuta Agar kwa sahihi moja. Magunia yalipoingia alisikia harufu ya mawese ya zamani na udongo mbichi, akauliza yametoka wapi. Alipoambiwa, akakaa chini.

"Bokungu, pale banalalisha mulopwe, mufalme wa zamani. Mulopwe akikufaka, bantu banageuza maji ya kijito, banachimba kaburi chini yake, kiisha banarudisha maji. Na kichwa yake hailalake ku udongo. Inalala ku mapaja ya bibi yake, muke wake."

"Bibi naye alikufa?"

"Hapana. Banamuzika muzima, anakaa pale, anashika kichwa. Ile povu yako iko mifupa ya ule bibi."

"Chokaa ni chokaa," alisema Bokungu. "Ya kombe, ya bibi, samaki haiulizake."

Ikumbukwe kwamba kila Jumamosi, akiwa ndani ya abacost yake, ile suti ya chama isiyo na tai, mtu huyu aliwasifu mababu kwa hotuba hadi watu wakasinzia. Nyumbani hakuwa na muda nao.

Akauosha mchanga. Maji yalitoka meupe kama maziwa, na kuku wa jirani waliyakimbia. Akautandika unene wa vidole vinne, akamimina maji ya chumvi juu ya sahani ili usivurugike, kama kijitabu kilivyoagiza, kisha akapanda konzi yake ya Muanda, akirusha kwa madaha kama mkulima aliyepigwa picha na gazeti la serikali.

Kesho yake mchanga ulikuwa na shimo. Si shimo la kawaida: lilikuwa alama ya mgongo na mabega mapana, kama mtu aliyelala chali, lakini pale kichwa kilipopaswa kulala mchanga ulikuwa laini, haukuguswa. Bokungu aliusawazisha kwa upawa. Saa sita alama ilikuwa imerudi, na kutoka ndani ya maji ikasikika pumzi ndefu ya mtu mzito anayetafuta namna ya kulala na haipati.

"Hewa inatoka tu," alisema Bokungu.

Alasiri ile Mwadi alikaa kushona kwenye kiti cha karibu na kioo, kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga, na mara akasikia kitu kimemlalia mapajani, chepesi kwanza kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, kisha kizito kama mtungi, kisha kizito kuliko mtungi, na kitenge chake kikalowa maji ya chumvi bila tone kudondoka popote, na ile harufu ya mawese ikampanda usoni, na akahisi nywele, nywele ndefu zilizosukwa, zikijisugua polepole juu ya goti lake kama za mtu anayejiweka vizuri, hata akapiga ukelele na kujirusha sakafuni, na kiti kikabaki kinalia chenyewe chini ya uzito.

Aliyeitwa ni Mama Kyabu, kilumbu, mwanamke ambaye mizimu husema kwa mdomo wake. Alikuja na pemba, udongo mweupe wa mizimu, usoni. Bokungu alimwonyesha kiti. Akakikataa.

"Hana kasirani," alinong'ona, akitazama kioo. "Anachoka tu. Mulimunyanganya mapaja. Ule bibi mulimumwanga mule ndani, sasa ametawanyika. Mulopwe anatafuta ingine."

"Yangu," alisema Mwadi.

"Alionja yako. Haiyakuwa ya kwake bado. Rudisheni muchanga yote ku kijito, mbele ya kupata mapaja ingine."

"Na akipata?"

"Akipata, haamukake."

Bokungu alicheka. "Mulopwe aandike barua ya demande. Abandike timbre. Ipitie ku ofisi yangu. Mugeni wangu anafika Jumamosi. Muchanga itarudi kiisha."

"Baba, miye nimemaliza kusema," alisema Kyabu, akaondoka bila kudai hata ndizi.

Mwadi alimshika mumewe mkono. Alimwomba kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na sanduku: wauchote sasa hivi, wao wawili, kwa mabeseni. Bokungu alisema samaki wako tayari angani.

"Basi ukae naye weye," alisema Mwadi. Akapanda treni ya asubuhi kwenda Luena kwa kaka yake. Ilitoka jioni, lakini ilitoka.

Jumamosi sebule ilijaa wakubwa wa mji. Samaki walifika wakiwa wamekufa, ila Likoke aliwafunga kwa uzi, wakaning'inia majini kwa heshima zote. Bokungu, aliyechoka kupanga watu, alijitupa kidogo tu kwenye kiti cha karibu na kioo.

Mheshimiwa akaingia. Kaseti ya wimbo wa taifa ikawashwa. Chumba kizima kikasimama wima kama vijiti vya kiberiti, isipokuwa mkuu wa mapokezi.

"Simama, Citoyen!" alifoka mheshimiwa.

Bokungu alitoka jasho. Suruali yake ilikuwa imelowa, na kitambaa cha mapajani kilikuwa kimebonyea kwa kina, duara la kichwa. Askari wawili walimshika makwapa, wakavuta. Wakaongezwa wengine. Miguu ya kiti ilipasua saruji ikadidimia, na Bokungu hakunyanyuka hata upana wa kidole.

"Polepole, Excellence," alinong'ona, na mkono wake, bila yeye kutaka, ukaanza kupapasa hewa juu ya mapaja, kama mama anayebembeleza. "Mutamuamusha."

Kaseti ikaisha. Katika kimya kile kila mmoja alisikia mkoromo mzito wa mtu aliyepata mahali pake, na mdomo wa Bokungu ulikuwa umefungwa.

Mheshimiwa, aliyekuja kwa mwendo wa taratibu unaostahili cheo chake, alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.