Tangazo la Ndoa Asilolijua Bibi Harusi

"Hongera, Bi. Gaughan! Ungetuambia mapema, tungekuchangia zawadi ya maana."

Attracta Gaughan aliinua macho kutoka kwenye jalada. Bwana Tuohy, mkuu wa idara, alikuwa mlangoni, kiko mdomoni, anatabasamu.

"Hongera ya nini, bwana?"

"Usinifiche. Dada yangu anasali Kilbarra, kijijini kwenu. Jana padre alitangaza ndoa yako na mwalimu Cormac Ruane. Mwezi Juni, sivyo?"

Kalamu ilimtoka. Walikuwa wamekubaliana Septemba.

"Basi naondoa jina lako kwenye usaili wa cheo cha ukaguzi," Tuohy alisema kwa upole. "Sheria unaijua."

Nani Dublin asiyeijua? Mwanamke akiolewa, utumishi wa serikali basi. Lakini majira hayo ya mwaka 1973 serikali mpya ilikuwa imeahidi kuifuta kabla kiangazi hakijaisha. Atakayeolewa baada ya hapo atabaki na kazi yake. Atakayetangulia ametoka, na kurudi labda awe mjane. Attracta na Cormac walikuwa wamesubiri miaka sita. Kilichobaki kilikuwa majuma tu.

Saa ya chakula alipiga simu posta ya Kilbarra, Cormac akaitwa kutoka shuleni.

"Nani amekutuma upeleke majina kwa padre?"

"Mpenzi, nilitaka nikushtue kwa furaha."

"Umenishtua. Juni, Cormac?"

"Wanasiasa wameahidi mara ngapi? Miaka sita napanga chumba kwa mjane anayenihesabia mayai. Nimechoka!"

"Majuma machache tu!"

"Sema tu unapenda dawati lako kuliko mimi."

"Dawati halijawahi kunidanganya. Kayaondoe majina."

"Padre ataniona mtoto."

Mtu wa tatu akakohoa kwenye waya.

"Samahani, muda umekwisha," alisema mama wa posta aliyeunganisha simu. "Ila wewe binti, usikubali."

Juma zima Attracta hakutulia. Chai ilipoa mbele yake. Usiku alipima chumba kwa miguu mpaka Dympna, aliyepanga naye, akajifunika mto.

"Si uandike barua ya kuacha, uchukue kiinua mgongo, ukazae?"

"Wewe ungeandika?"

"Mimi sijapata hata wa kunitangaza, shoga. Zima taa."

Jumamosi alipanda treni ya magharibi. Jumapili akaketi benchi la tatu, kando ya mama yake. Injili ikasomwa. Padre Heneghan akafunua karatasi.

"Kwa mara ya pili, natangaza ndoa kati ya Cormac Ruane na Attracta Gaughan, wote wa parokia hii. Mwenye kujua kizuizi chochote, ajitokeze."

Attracta akasimama, benchi likalia.

"Mimi, Padre."

Shingo zote zikageuka.

"Keti, utatuua kwa aibu!" mama yake alimvuta koti.

"Attracta," padre alisema taratibu, "wewe si ndiye bibi harusi?"

"Ndivyo ninavyosikia, Padre. Hakuna aliyeniuliza."

Padre alivua miwani, akamtafuta Cormac upande wa wanaume.

"Uliniambia mmekubaliana."

"Tulikubaliana, Padre. Kuoana. Mwezi ndio..."

"Tangazo limefutwa. Tusimame. Nasadiki."

Misa ilipokwisha Cormac alimkuta kwenye ukuta wa makaburi. Mvua ilikuwa inanyunya.

"Umenivua nguo mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu!"

"Nawe umenivua kazi mbele ya Tuohy. Sema kweli. Ni yale mayai ya mjane, au ile nyongeza ya mshahara wa mwanamume aliyeoa?"

"Nyongeza siikatai. Lakini siyo hiyo."

"Ni nini?"

Cormac alipiga kokoto teke.

"Sheria ikishapita, utaacha kazi?"

"Niache kwa nini?"

"Ndipo hapo! Nani atakaa na watoto? Nani atamtazama mama yangu? Tungeoana Juni, ungekuja Kilbarra bila ugomvi. Ikipita, itabidi nikuombe mimi."

"Kwa hiyo ulikuwa unakimbizana na sheria."

"Ungekataa, Attracta."

"Huwezi kujua, hukuniuliza. Ulitaka serikali inifukuze ili wewe ubaki mtu mwema."

Akamwacha pale na mvua yake.

Jumatatu alimrudishia Tuohy hongera zake, akadai jina lake lirudi kwenye usaili. Likarudi. Mwisho wa Julai sheria ikapita. Agosti, asubuhi ya usaili, simu ya ofisini ikalia.

"Attracta, nimesoma gazetini. Sasa hakuna kizuizi. Septemba yetu ileile?"

Sauti hiyo bado aliipenda.

"Mimi nabaki na kazi yangu. Dublin kuna shule tele. Utaomba uhamisho?"

"Mwanamume afuate kazi ya mke? Kilbarra watanicheka mpaka nife!"

"Mama yako tungemchukua tukae naye."

"Siyo mama. Ni watu, Attracta."

"Basi kizuizi kipo, Cormac. Na hicho bunge halikifuti."

Akakata simu. Akanyoosha sketi. Chumba cha pili watu watatu wa usaili walikuwa wanamngoja. Aliingia, akavuta kiti kabla hajakaribishwa.

"Bi. Gaughan," mmoja alianza, "kwanza kabisa, una mpango wa kuolewa?"

"Swali la pili, bwana," alisema Attracta.