Mguseni, Hana Mionzi

Kila asubuhi dobi hujaza maji kwenye karai, hutia sabuni, husugua kola. Zamani walikuwa wawili. Yeye alifua, mumewe alipiga pasi. Siku hizi pasi imekaa juu ya kabati, baridi. Nguo anazofua ni zake mwenyewe. Wateja wamekwisha.

Hawakukimbia sabuni mbaya. Mwaka jana mumewe alitoka nje, mvua ikinyesha, kuanua mashati ya watu kwenye waya. Radi ikampiga. Akaanguka chini ya mashati hayo hayo. Uani palijaa watu wazima, kila mmoja na mikono yake miwili. Hakuna aliyemgusa.

"Rudini nyuma!" alipiga kelele fundi viatu, jirani waliyemwita Bwana Redio. "Nimesikia redioni, radi ina mionzi! Ukimgusa, nawe unakwenda!"

Dobi alipotaka kumkimbilia mumewe, wakamshika. Kumzuia yeye waliweza. Mvua ilipokatika, mumewe alikuwa amekwisha kukata roho.

Tangu alipoukumbatia mwili huo, watu huukwepa mlango wake, wakihofia mionzi. Bombani humpisha kama mkubwa wa serikali. Kikombe chake hakiguswi.

Jioni moja alikuja mpwa wake, mpiga picha za eksirei hospitalini. Akanywa chai kwenye kikombe kile.

"Huogopi mionzi, mwanangu?"

"Mionzi ndiyo kazi yangu, shangazi! Bwana Redio alisikia nusu. Ni kweli, wataalamu wamepima mionzi kwenye mawingu ya radi. Ina nguvu, mingine kuliko ya mashine yangu. Lakini hutoka kufumba na kufumbua, ikapita. Ukizima taa, chumba hubaki na mwanga?"

"Hakibaki."

"Na mwili ni hivyo hivyo. Kinachoua ni umeme, nao haubaki mwilini. Aliyepigwa na radi anagusika. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu, haraka haraka. Usiache mpaka msaada ufike."

Dobi akaitazama pasi juu ya kabati. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mume wangu angepona?"

"Sijui, shangazi. Ila alistahili watu wajaribu kumwokoa."

Chai ya dobi ilipoa bila kunywewa.

Msimu wa mvua ukarudi. Siku moja redio ya fundi viatu ilikuwa inakoroma tu. Akatoka kugeuza nguzo ya antena, ngurumo juu yake.

"Baba, rudi ndani!" mkewe alimwita.

"Taarifa inaanza!"

Radi ikapiga. Akaanguka. Mkewe akakimbia, watu wakamshika. "Usimguse! Ana mionzi!" Maneno ya Bwana Redio yalikuwa yamemrudia mwenyewe.

Dobi alisimama mlangoni. Nyuso zilikuwa zile zile. Alikuwa akizikumbuka zote, mmoja mmoja. Angefunga mlango, nani angemlaumu?

Akatoka.

"Mwachieni mkewe! Mguseni, hana mionzi!"

Wanawake hao wawili wakamburuta hadi ndani. Hakuwa akipumua. Dobi akapiga magoti, akaanza kubonyeza kifua.

"Wewe, piga simu hospitali! Na wewe, njoo unipokee nikichoka!"

"Nitakufa, dada!" alisema yule wa pili.

"Mimi nimemshika. Nimekufa?"

Walipokezana mpaka mikono ikafa ganzi. Mwishowe Bwana Redio akakohoa. Akavuta pumzi. Gari la wagonjwa likamchukua akiwa hai.

Baada ya siku kadhaa alirudi, akitembea polepole. Akafika kwa dobi, shati mkononi, macho chini.

"Dada, sasa nasikia kwa sikio moja tu."

"Basi hilo moja lisikilize taarifa mpaka mwisho."

Akaomba maji. Akanywa kwa kikombe cha dobi, watu wakimtazama. Kesho yake walianza kuleta nguo.

Pasi sasa ni ya moto. Upande wa pili wa meza, alipokuwa akisimama mumewe, hakuna mtu.

Ngurumo zikianza, kila mtu huingia ndani, akakaa mbali na waya, bomba na nguzo za chuma. Hawatoki mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mteja mmoja alilalamika: nguo zake zinalowa kule nje!

"Ziache," dobi alimwambia, akiutazama ule waya. "Shati likilowa hukauka."